ALIBADILI KITUFE KIMOJA TU BILA KUMWAMBIA MCHUMBA WAKE, DENI LA MILIONI 4 LIKAYEYUKA

Wadau, stori ya leo haina msanii wala picha zilizovuja. Ina laptop moja, watu wawili na kitufe kidogo kilichoandikwa F4. Lakini ukimaliza kuisoma, utamwangalia kwa jicho lingine kila mtu mnayetumia naye kompyuta moja.

Ipo hivi. Kuna jamaa mmoja anaishi Sinza na mchumba wake. Jamaa kazi yake ni kuediti video za harusi na kitchen party. Binti anashika hesabu za duka la vitenge vya jumla Kariakoo, duka la mama mmoja mtu mzima. Ile biashara nusu ni keshi, nusu ni mkopo. Wateja wanatoka Mbeya, Songea, Kigoma, wanabeba mzigo, wanaahidi kulipa mwisho wa mwezi. Nani anadaiwa, kiasi gani, tangu lini, binti ndiye anayejua. Vyote viko kwenye Excel.

Laptop ni moja. Mtumba, lakini mtumba uliosimama. Binti alitoa hela yake ya mchezo, jamaa akatoa kianzio cha harusi mbili, wakaichukua. Makubaliano yalikuwa mepesi tu: mchana ya binti, usiku ya jamaa. Kila mtu na zamu yake.

Kumbe zamu mnaweza kugawana, vitufe je?

UGOMVI WA KWANZA: F2

Ugomvi wa kwanza ulikuwa mdogo, hata majirani hawakusikia. Kwenye Excel ukibonyeza F2 unaingia ndani ya kisanduku na kurekebisha kilichoandikwa. Binti alizoea hivyo kwenye kompyuta ya chuo. Kwenye hii laptop, akibonyeza F2 skrini inafifia. Akibonyeza tena, inafifia zaidi. Yaani anataka kurekebisha bei ya kitenge, anajikuta gizani.

Wengi hufikiri hapo kibodi ni mbovu. Sio mbovu. Ile safu ya juu ina kazi mbili. Kompyuta ya IBM PC ilipotoka mwaka 1981, ilikuwa na vitufe 10 vya F vilivyokaa upande wa kushoto wa kibodi, na kazi yao ilikuwa moja tu: kuamrisha programu. Baadaye laptop zikaja, nafasi ikawa finyu, watengenezaji wakabebesha safu hiyo hiyo mwanga, sauti, Wi-Fi na kamera. Sasa swali linabaki, ukibonyeza bila kushika Fn, nani anatangulia? F2 au mwanga?

Jibu linawekwa na mtengenezaji, lakini linabadilika. Kwenye laptop nyingi za Dell na Lenovo unashika Fn halafu unabonyeza Esc, na safu nzima inageuka. Ukiona kikufuli kidogo kimechorwa kwenye Esc, ujue ndiyo hiyo. Kwenye HP nyingi unawasha mashine huku unabonyeza F10, unaingia kwenye BIOS, unatafuta palipoandikwa "Action Keys Mode", unaizima, unasevu, unatoka. Dakika tatu.

Na usihangaike kutafuta programu ya kubadili kitufe cha Fn chenyewe. Kwenye laptop nyingi Fn inaishia ndani ya kibodi, Windows haipati hata salamu yake. Huwezi kumhamisha mtu usiyemuona.

Hawa wawili walilimaliza hilo siku hiyo hiyo. Walikaa kitandani, laptop katikati, jamaa akasoma, binti akabonyeza. F2 ikarudi kuwa F2. Wakacheka, wakaagiza chipsi mayai.

Kumbuka hapo: walikaa wote wawili.

UGOMVI WA PILI: SODA

Jumamosi moja usiku jamaa alikuwa na video ya harusi, bibi harusi anaitaka kesho yake. Katika harakati, soda ikamwagika. Sio nyingi, tone tu pembeni juu. Akafuta, akapuliza, akageuza laptop kifudifudi kama mtoto aliyepaliwa. Ikawaka. Vitufe vyote vizima isipokuwa kimoja. Delete.

Kwa mtu anayeediti, kuishiwa Delete ni kama kinyozi kuibiwa mashine. Anakata vipande na kutupa usiku kucha. Saa 6 hiyo usiku, fundi gani atampata?

Akaingia mtandaoni, akakuta PowerToys. Ni programu ya bure ya Microsoft wenyewe, na ndani yake kuna sehemu ya kibodi inayokuruhusu kusema: kitufe hiki sasa fanya kazi ya kile. Akaangalia safu ya juu. F4 hajawahi kuigusa maishani mwake. Akaandika: F4 iwe Delete. Akabonyeza sawa.

Ikafanya kazi kama ndoto. Saa 11 alfajiri video ikaisha, akalala fofofo. Mchumba wake alipoamka hakumwambia kitu. Si kwa ubaya. Aliona ni kitu kidogo, kitufe tu, tena kitufe ambacho hakina mwenyewe.

Hapo ndipo alipokosea hesabu. Kitufe ambacho wewe hukitumii hakimaanishi hakina mwenyewe.

JUMAPILI JIONI

Binti alikuwa na kazi moja tu Jumapili ile. Kwenye orodha ya madeni, wale ambao mwezi umeisha na hawajalipa awawekee rangi ya njano kwenye kiasi wanachodaiwa, ili Jumatatu mama awapigie simu. Majina alikuwa ameyaandika kwenye daftari. Watu 31.

Kwenye Excel kuna uchawi wa wavivu ambao wahasibu wanaupenda sana. Ukifanya kitu mara moja, mfano kuweka rangi, halafu ukaenda kisanduku kingine ukabonyeza F4, inarudia kile kile. Huna haja ya kwenda juu kutafuta rangi tena. Binti aliweka njano ya kwanza kwa mkono kwenye kisanduku kitupu cha pembeni, kujaribu. Akaiona. Halafu akaanza: macho kwenye daftari, jina, bofya, F4. Jina, bofya, F4.

Umeme ulikuwa umekatika tangu saa 12. Chaji ilikuwa inaishia, kwa hiyo alishusha mwanga mpaka mwisho. Tochi ya simu ilikuwa inamulika daftari, sio skrini. Alipofika mwisho wa orodha chaji ilikuwa asilimia 6. Akasevu, akafunga faili, akazima.

F4 haikuwa inaweka njano. Ilikuwa inafuta. Viwango 31 vya madeni, kimoja baada ya kingine, kwa mkono wake mwenyewe. Na faili ukishaifunga, ile Ctrl+Z ya kurudisha nyuma haina tena cha kukumbuka.

JUMATATU KARIAKOO

Ijumaa jumla ya madeni ilikuwa Sh11,200,000. Jumatatu asubuhi, karatasi iliyotoka kwenye printa ilisema Sh6,850,000. Tangu Ijumaa hakuna mteja aliyeingiza hata mia.

Mama hakupiga kelele. Watu wa Kariakoo wenye hela hawapigi kelele. Alivua miwani, akaiweka mezani.

"Mwanangu, milioni 4 na laki 3 na nusu imekwenda wapi?"

Binti akaangalia karatasi. Majina yapo, viwango hakuna. Kila Ijumaa huwa anamtumia mama faili kwa WhatsApp, wakaifungua ile, wakalinganisha. Hapo ndipo mambo yalipozidi kuharibika. Faili la Ijumaa lilionyesha wazi kwamba watu 31 wamefutwa, na wote ni wale wale ambao hawajalipa. Mtu yeyote mwenye akili angesema hii si bahati mbaya. Mtu amechagua.

"Mama, mimi niliweka rangi tu."

"Rangi iko wapi?"

Mama akaanza kuwapigia simu wateja. Wengi waliomba wiki moja zaidi. Lakini wawili, waliposikia sauti ya mtu anayeuliza badala ya kudai, waliona mlango umeachwa wazi. Wakasema wameshalipa. Wamempa yule binti wako mkononi. Mmoja Sh600,000, mwingine Sh450,000.

Mama akasema Ijumaa hiyo hela iwe mezani, la sivyo wataongelea kituoni.

USIKU WA KIMYA

Sasa sikia hapa. Jumatatu usiku binti alirudi nyumbani, akamsimulia jamaa kila kitu huku analia. Akafika kwenye, "Nilikuwa nabonyeza F4 tu kama siku zote."

Jamaa alisikia neno F4 na mate yakamkauka.

Alijua. Pale pale alijua. Na hakusema.

Binti alipopitiwa na usingizi, jamaa alifungua laptop, akaingia PowerToys, akafuta ule mstari wa F4 kuwa Delete. Akajiambia ameshatengeneza tatizo. Kesho watatafuta namna. Pengine mama atasahau, pengine wale wawili watasema ukweli. Alijipa sababu nyingi, zote ndefu. Sababu ya kweli ilikuwa fupi: aliogopa.

Jumanne binti akajaribu mwenyewe. Akafungua faili jipya, akaweka njano, akabonyeza F4. Njano ikatokea. Tena. Njano. Mara ishirini, njano. Akafunga laptop taratibu akasema maneno ambayo jamaa anasema hayamtoki mpaka leo:

"Labda kweli nilifuta mimi. Labda nilikuwa nimechoka, sijui nilichofanya."

Fikiria. Mtu hajaiba, hajakosea, lakini ameanza kujishuku kwa sababu ushahidi umeondolewa usiku akiwa amelala. Na aliyeuondoa kalala naye kitanda kimoja.

Jumatano jioni jamaa alimkuta amekaa sakafuni anahesabu noti. Sh500,000, hela ya mchezo, zamu yake ndiyo ilikuwa imefika. Ilikuwa ya kulipia kodi ya chumba. Alikuwa anapanga kumpelekea mama hiyo kama mwanzo, nyingine akope.

Jamaa akakaa chini. Akasema yote. Soda, Delete, F4, na ule usiku wa Jumatatu.

Binti hakumtukana. Aliuliza swali moja tu.

"Jumanne nilipokuwa najaribu, ulikuwa unaniangalia?"

"Ndiyo."

Akazikusanya noti zake, akaingia chumbani, akafunga mlango.

ALHAMISI, MBELE YA MAMA

Jamaa alitangulia Kariakoo peke yake na laptop mgongoni. Akamsalimia mama shikamoo, akapewa marahaba baridi, akajieleza.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo unaniambia aliyeiba ni kitufe?"

"Hapana mama. Nakuambia aliyekosea ni mimi. Naomba uone."

Akafungua nakala ya lile faili la Ijumaa. Akarudisha ile amri ya F4 mbele ya macho yake. Akaweka njano kwenye kisanduku kimoja, kisha akamgeuzia mama laptop. "Bonyeza wewe mama. Chagua mteja yeyote, bofya kwenye deni lake, halafu F4."

Mama akabonyeza kwa kidole kimoja. Laki tatu za mtu wa Songea zikapotea. Akabonyeza mwingine. Zikapotea. Jumla kule chini ikawa inashuka yenyewe kila akibonyeza.

"Sasa tunaizima." Akazima ile sehemu ya kibodi kwenye PowerToys. Programu hiyo ikiwa imezimwa, kila kitufe kinarudi kwenye kazi yake ya kuzaliwa. "Weka njano tena, halafu bonyeza."

Njano.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akachukua simu, akawapigia wale wateja wawili, safari hii kwa sauti nyingine kabisa. Akawaomba meseji ya muamala au risiti, na siku waliyolipa. Mmoja alikata simu. Mwingine akasema atamtafuta baadaye, na mpaka jioni alikuwa hajamtafuta.

Binti akapigiwa arudi kazini. Mama hakusema samahani kwa mdomo, lakini Ijumaa hiyo alimpa doti ya kitenge kizuri na kumwambia achague fundi, atalipa yeye.

MAFUNZO, KWA WANAOGAWANA KOMPYUTA

Kwanza, elewa kinachogombaniwa. Kuna shotikati za ndani ya programu moja, na kuna zile zinazosikika kompyuta nzima. Hizi za mashine nzima ni kama siti ya daladala. Programu iliyowahi kujiandikisha ndiyo inakaa, nyingine inasimama. Ndiyo maana unaweza kubonyeza Alt na kitu fulani ukitaka kukata video, badala yake programu ya kurekodi skrini inajifungua. Dawa ni kuzifunga programu za nyuma moja moja, zile zilizojificha pembeni ya saa, huku unajaribu. Ile ambayo ukiifunga tatizo linakwisha ndiyo mgombea wako. Ingia kwenye mipangilio yake, umpe kitufe kingine.

Pili, ukitaka kubadili kitu kwa ajili ya programu moja, badili ndani ya programu hiyo. Programu nyingi za kuediti zina orodha yake ya shotikati. Kwenye Premiere Pro ya Windows unaifungua kwa Ctrl+Alt+K, unapanga herufi unayotaka. Jamaa angefanya hivyo Jumamosi ile, Excel isingejua lolote.

Tatu, PowerToys ina milango miwili. Ukibadili kitufe kimoja peke yake, kinabadilika kila mahali. Ukibadili shotikati, yaani vitufe vinavyobonyezwa pamoja, unaweza kuandika jina la programu ili kazi iishie humo humo. Wengi wanaingia mlango wa kwanza bila kusoma.

Nne, kila mtu awe na akaunti yake ya Windows. Mipangilio ya PowerToys inakaa kwa mtumiaji, haivuki kwenda kwa mwingine. Lakini kuna programu kama SharpKeys, yenyewe inaandika moja kwa moja kwenye rejista ya Windows. Ukishawasha upya mashine, imewapata wote, hata programu yenyewe ikiwa haijafunguliwa.

Tano, vingine havibadiliki kwa PowerToys. Ctrl+Alt+Delete na Windows+L zina mlinzi wake, usipoteze usiku.

Sita, kibodi ya nje ya USB ni rahisi. Jamaa alinunua ya Sh15,000 wiki iliyofuata. Delete yake nzima. Elfu kumi na tano, wadau.

WAKO WAPI SASA

Wako wote, kama unataka kujua. Laptop ina akaunti mbili, kila mmoja na nywila yake. Chini ya kibodi kuna karatasi imebandikwa kwa gundi, imeandikwa kila kitu kilichobadilishwa, na nani, na tarehe. Jamaa ndiye aliyeibandika.

Lakini binti bado kuna siku anafungua faili, anaweka njano, anabonyeza F4, kisha anaangalia skrini kwanza kabla ya kwenda jina linalofuata. Mwangaza ameuweka mpaka juu. Jamaa akiuona huo mkono unasita, anatoka nje anajifanya anaongea na simu.

Alipoulizwa na shoga yake kwa nini hajamwacha, alijibu hivi: "Kubadili kitufe nilishamsamehe siku ile ile. Ile Jumanne ndiyo bado naifanyia kazi."

Je, wewe ungemsamehe? Na kama ungekuwa jamaa, ungesema Jumatatu usiku au ungenyamaza kama yeye? Ongea ukweli, tupo wenyewe hapa.